Mkopo wa Serikali na Kalenda ya Kusi

Chukua kalenda tuhesabu pamoja. Kikundi cha wavuvi wa hapa Lamu kinapata mkopo wa Uwezo, mfuko wa serikali unaokopesha vikundi, mwezi wa Oktoba. Kwa mtu aliyewahi kukaa mbele ya meza ya afisa wa benki, masharti ya Uwezo ni mepesi: hakuna riba, kuna ada ya asilimia 3 ya kuendesha mfuko, na kikundi kinapewa miezi sita kabla ya kuanza kurejesha. Oktoba ndipo bahari inapoanza kutulia. Kusi, upepo mkali unaofunga bahari katikati ya mwaka, imechoka, maleleji yanapita, kaskazi yenye bahari tulivu inakuja. Watu wanatoka nje ya mwamba, kamba mawe wanapatikana, wanunuzi wa Mombasa wanapiga simu tangu alfajiri. Novemba mpaka Machi pesa inapita mkononi na hakuna anayeidai. Halafu inaingia Aprili, miezi sita imekwisha, na kusi nayo imefika. Mei na Juni boti ndogo zinalala mchangani, na ndipo simu ya afisa wa mfuko inapoanza kulia.

Sasa sogeza tarehe tu. Kikundi kile kile, pesa ile ile, ila mkopo utoke mwisho wa Machi. Miezi ya kusubiri inaliwa na kusi. Wakati huo boti inapandishwa, inatiwa kalafati na rangi, nyavu zinashonwa, mashine inapelekwa kwa fundi. Rejesho la kwanza linakuja Oktoba, samaki wakiwepo. Kikundi cha kwanza kitaandikwa kwenye ripoti kuwa wadeni sugu, cha pili kitapigwa picha kama mfano wa kuigwa, na tofauti yao ni tarehe iliyoandikwa kwenye hundi.

Nilimsomea jedwali la marejesho mwenyekiti wa kikundi kimoja, mzee aliyezaliwa kwenye uvuvi. Nilipofika mwezi wa tano akanikatiza.

"Mwezi wa tano?"

"Ndiyo, Ami. Wa tano na wa sita, mpaka mumalize."

"Kwani hawajui kusi?"

"Hawa wako Nairobi, Ami."

"Na Nairobi hakuvumi upepo?"

Akatia sahihi. Wanachama walikuwa wanangoja nje, na kukataa pesa baada ya kuzizungusha karatasi mji mzima ni jambo gumu kwa mwenyekiti yeyote.

Mimi nina duka la saiba Langoni, kompyuta mbili, printa moja na mashine ya fotokopi inayolalamika kwa unyevu wa chumvi. Kazi yangu hasa ni karatasi za watu. Cheti cha kikundi, PIN ya KRA, muhtasari wa mkutano uliofanyika na wakati mwingine ambao haukufanyika, barua ya chifu, taarifa ya akaunti ya benki. Kila mfuko wa serikali uliotangazwa nchini miaka hii umepita juu ya meza yangu kwa sura ya fomu. Kwa hivyo ninayoandika hapa ni ya mtu aliyekaa upande wa fomu. Sijawahi kukaa upande wa hazina.

Mifuko yenyewe si jambo jipya. Tangu miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na bodi za pamoja za mikopo, zilizokopesha wafanyabiashara Waafrika wadogo ambao benki hazikutaka hata kuwaona. Mfuko wa Vijana ukaja mwaka 2006, wa Wanawake 2007, Uwezo ukazinduliwa 2013, na Novemba 2022 ukaja Mfuko wa Hustler. Sababu iliyotolewa kila mara ni ile ile ya miaka ya hamsini: yupo mtu mwenye biashara, mwenye akili na mikono, ila hana njia ya kufikia mtaji. Kama sababu haijabadilika kwa miaka sabini, mimi nadhani ni haki kuuliza kama dawa inamfikia mgonjwa.

Tuanze na benki, maana pengo linaanzia hapo. Benki inataka dhamana, na dhamana inayoipenda ni hati miliki ya ardhi. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi kwa pwani yote: mwenye kudai shamba athibitishe apewe hati, na lisilo na mwenyewe liwe la Mfalme wa Uingereza. Kazi ile haikufika kila mahali. Sehemu kubwa ya ardhi ya Lamu ikabaki kuwa ya serikali, ikarithiwa hivyo hivyo baada ya uhuru, na watu wanaolima na kuishi juu yake vizazi kwa vizazi hawana karatasi ya kuonyesha.

Ukirudi ndani ya mji wa kale mambo yanageuka, lakini hayawi rahisi. Hapa nyumba zipo, za mawe, na tangu UNESCO iuweke mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 bei zake zinaweza kukutia kizunguzungu. Ila nyumba ya Mwamu, mwenyeji wa Lamu, mara nyingi ni ya mirathi ambayo haijagawanywa. Jina lililo kwenye karatasi ni la babu. Warithi ni kumi na saba, wawili wako Jeddah, mmoja Mombasa hasemi na wenzake, na shangazi anayeishi ndani hataki kusikia neno benki. Nyumba nyingine ni wakfu, na wakfu hauuzwi wala hauwekwi rehani. Nimemuona kijana fundi wa kuchonga milango, mwenye oda ya hoteli mkononi, akikosa pesa za kununua mbao huku amelala kwenye nyumba ya mamilioni. Hakuna fomu niliyonayo inayoweza kumsaidia.

Kuna sheria ya mwaka 2017 inayoruhusu mali inayohamishika kuwa dhamana: mashine, mifugo, bidhaa za dukani, hata madai unayowadai watu. Kwa karatasi, boti ya mvuvi inaingia humo. Nilifurahi nilipoisoma. Kwa vitendo, afisa wa benki ataulizia bima ya boti, thamani yake iliyokadiriwa na mtaalamu, na atajiuliza atamuuzia nani jahazi la Matondoni pale mkopo ukienda vibaya. Miaka hiyo hiyo, kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019, bunge lilikuwa limeweka kikomo cha riba ya benki ili kumsaidia mkopaji mdogo. Benki zilifanya hesabu zao zikaona mkopaji mdogo hana faida kwa bei ile, zikapeleka pesa kwenye hati fungani za serikali. Yaani serikali iliyotaka mwananchi akopeshwe ndiyo iliyokopa zile pesa.

Upande wa pili wa pengo ni Hustler. Simu, *254#, kuanzia shilingi 500 mpaka 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, urudishe ndani ya siku kumi na nne, na asilimia 5 ya mkopo inazuiwa iwe akiba yako. Wengi wanacheka zile mia tano. Mimi sizicheki. Mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi anaweza kununua unga kwa mia tano, na jioni pesa imerudi. Biashara inayozunguka kila siku inaweza kubeba mkopo wa wiki mbili. Mwenye jahazi linalokaa nje siku nyingi, au mkulima wa simsim kule Mpeketoni anayengoja mavuno, hawezi.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo waliotunga mfuko wangepaswa kuliuliza kabla ya kubandika asilimia: riba. Lamu ni mji wa misikiti. Wapo watu, na si wachache, ambao hawatagusa mkopo wa riba hata ukiwa wa asilimia 8, hata ukiwa wa nusu asilimia. Wapo wanaochukua kimya kimya na kufuta meseji. Hata ile ada ya Uwezo ina mjadala wake. Maalim mmoja aliniambia ada ya kulipia gharama halisi ya kazi haina neno. Tatizo linaanza inapohesabiwa kwa asilimia, maana karatasi ya mkopo wa laki tano haina wino mwingi kuliko karatasi ya mkopo wa elfu hamsini. Sikuwa na jibu. Benki za Kiislamu nchini zimekuwepo tangu 2008, na utaratibu wao wa kununua kitu kisha kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa mapema unaeleweka na mvuvi yeyote: wewe nunua mashine ya boti, niuzie kwa bei tuliyokubaliana, nikulipe kidogo kidogo. Mfuko wa umma ungeweza kufanya hivyo hivyo bila kubadilisha hata shilingi moja ya bajeti, na watu waliojificha nyuma ya mlango wangetoka.

Ukitaka kujua benki ya kweli ya wavuvi wa Lamu iko wapi, nenda gatini alasiri boti zikirudi. Yupo mtu amekaa karibu na mizani, ana daftari. Huyo ni tajiri. Niliwahi kufungua daftari la mmoja wao, jamaa yangu kwa upande wa mke, aliyetaka nimtilie hesabu zake kwenye kompyuta. Jalada lake lilikuwa limeshikwa na plasta ya hospitali. Ndani, kila mvuvi na ukurasa wake: petroli lita ishirini, barafu magunia mawili, plagi ya mashine, sembe, skuli ya mtoto, sembe tena, "hospitali 3,000", nyavu, petroli. Deni la mashine ya boti limeandikwa juu kwa wino mwekundu na halina tarehe ya mwisho.

Nilimuuliza mbona hakuna tarehe. Akanitazama kama niliyeuliza bahari ina mlango gani. "Akipata, ananiletea samaki. Asipopata, nitamla yeye?"

Ila msimdhanie malaika. Samaki wa mvuvi mwenye deni hawezi kwenda kwa mnunuzi mwingine. Tuseme kilo moja sokoni ni shilingi 400, yeye anaandika 340, na zile sitini ndizo riba isiyotajwa. Mvuvi akiongeza samaki, deni linapungua kidogo, kisha mashine inaharibika na wino mwekundu unarudi. Wapo wanaozeeka ndani ya ukurasa mmoja. Serikali inaposema inataka kumkomboa mvuvi na walanguzi, inamsema huyu.

Lakini linganisha huduma. Tajiri anakopesha usiku, bila fomu, kwa kiasi ambacho kazi inahitaji, kwa kitu chenyewe na si pesa taslimu inayoweza kuyeyuka kwenye harusi. Hamdai mtu wakati wa kusi. Wakati huo ndio anaongeza mkopo, kwa sababu mvuvi akifa njaa mwezi wa Juni hatakuwepo wa kuvua Novemba. Mkopo wa serikali unafika wakati wa pesa nyingi na kudai wakati wa njaa. Mvuvi akichukua vyote viwili, mwezi wa Juni anakwenda kwa tajiri kukopa pesa ya kulipa mfuko. Nimeliona hilo. Pesa ya umma inatoka hazina, inazunguka, inaishia kuongeza mistari kwenye daftari lenye plasta.

Kisha kuna hili la vikundi. Mifuko mingi haimkopeshi mtu mmoja, inataka kikundi kilichosajiliwa, wadhaminiane. Wazo ni zuri na chimbuko lake ni chama, kile kikundi cha kuchanga na kukopeshana, ambacho wanawake wetu wanakiendesha kwa uaminifu ambao benki ingetamani kuwa nao. Ila chama hukua polepole, watu wamejuana kwa miaka, na pesa inayowekwa mezani ni yao wenyewe. Kikundi cha fomu huzaliwa wiki ambayo mfuko umetangazwa. Nina sampuli za katiba kwenye kompyuta, nabadilisha jina tu. Laki moja ikitoka, watu kumi wanagawana elfu kumi kumi, na elfu kumi hainunui mashine ya boti, ambayo haikosi laki mbili na zaidi. Inanunua ile iliyokuwa ikikosekana nyumbani siku hiyo. Hapo hakuna aliyeiba. Mkopo uliandikwa wa biashara ukapokewa kama wa matumizi, kwa sababu haukutosha biashara yoyote ya watu waliomo.

Kati ya elfu hamsini za simu na mkopo wa benki wenye hati ndipo watu wa hapa wanapozama: laki mbili, laki tano, milioni. Mashine ya boti, jokofu la pweza, cherehani tano za kushona sare za skuli, mashine ya kukata mbao, pikipiki ya kubeba mizigo Mokowe. Mtu amekua kupita chama chake lakini hajafika kimo cha benki.

Ruzuku je? Pesa ya bure ina utamu wake, na mwaka 2025 vijana walianza kuonja ya mradi wa NYOTA, shilingi 50,000 kwa kijana, kwa awamu. Upande wa bahari tumekuwa na mradi wa KEMFSED kwenye kaunti tano za pwani, Lamu ikiwemo, uliotoa ruzuku kwa vikundi vya uvuvi, kuku, nyuki na mengineyo. Pesa yake ilitokana na Benki ya Dunia, na Benki ya Dunia haikutupa sadaka: kwa kikundi ni ruzuku, kwa taifa ni mkopo, na wajukuu wa mwenyekiti wataulipa kwa kodi. Naona watu wangevisimamia vifaa kwa uchungu zaidi kama hilo lingesemwa wazi siku ya kukabidhiwa, pale kwenye turubai, kabla ya hundi ya kadibodi kuinuliwa kwa picha.

Kuna kijiji kimoja kisiwani, sitakitaja, kina mashine ya kutengeneza barafu. Ilikuja kwa ruzuku, na ilikuwa kitu sahihi kabisa, maana bila barafu samaki wa Jumatatu hana bei Jumanne na mvuvi hana ubavu wa kumkatalia tajiri. Nilipoiona bado ilikuwa na nailoni yake ya kiwandani kwenye kona moja. Ilihitaji umeme wa fezi tatu. Kijiji kina fezi moja. Kuleta nyingine kulihitaji pesa ambazo hazikuwa kwenye bajeti ya ruzuku, na kikundi kilishauriwa kutafuta mkopo. Kukopa ili kuwasha zawadi! Watoto walikuwa wanaitumia kama goli.

Hata hivyo ningeulizwa, vitu kama barafu ndivyo ningevitolea ruzuku, mpaka fezi ya tatu. Barafu haiwezi kugawanywa watu kumi ikabaki na maana. Vivyo hivyo chumba cha baridi gatini, upimaji wa ardhi ili watu wapate hati, gharama za kugawanya mirathi kwa kadhi na msajili wa ardhi. Hilo la mwisho halijawahi kuitwa ufadhili wa biashara popote nilipotazama, na kwa mji huu naliona lina uzito kuliko mkopo wowote. Yule fundi wa milango hahitaji elfu hamsini. Anahitaji wajomba wakubaliane na karatasi ziandikwe.

Ruzuku kwa mtu mmoja mmoja ina ugonjwa mwingine: inaharibu mkopo wa jirani. Kama mtaa huu umepewa elfu hamsini bure, na mtaa wa pili umekopeshwa elfu hamsini na mfuko ulio chini ya serikali ile ile, usitegemee mtaa wa pili urudishe kwa moyo safi. Watu wanauliza swali la haki. Na wanasiasa wakipita wakati wa kampeni wakisema zile ni pesa zenu, jibu linapatikana jukwaani.

Tumeona mfano mkubwa wa pesa nyingi kuingia bahari ndogo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu, zaidi ya elfu nne, walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa yale waliyopoteza kwa ujenzi wa bandari. Ile ilikuwa fidia, haki yao, wala siichanganyi na ruzuku. Ila baada ya hukumu yalifuata mazungumzo marefu, na hoja kubwa mezani ilikuwa hii hii: walipwe taslimu kiasi gani, na kiasi gani kiwe boti, mashine na vifaa vya kuvulia bahari ya mbali, maana njia za karibu zimechukuliwa na meli. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021. Miaka ikapita mvuvi akiulizana na mwenzake kuhusu orodha ya watakaolipwa. Kusi ngapi zimepita hapo katikati, na tajiri ameandika kurasa ngapi?

Kwa zile za laki mbili mpaka milioni, mimi ningeipeleka pesa ya umma nyuma badala ya mbele. Isimame kama mdhamini. Serikali ilianza mpango wa kudhamini mikopo ya wafanyabiashara wadogo mwaka 2020, ikiahidi benki kubeba sehemu ya hasara mkopaji akishindwa. Ni wazo ninaloliamini kuliko mifuko yote, ila lilipitia benki, na benki ziliutumia udhamini kwa wateja wanaofanana na wateja wao wa kawaida. Wenye daftari la gatini hawakuonekana. Ningependa kuona udhamini huo ukipewa sako, vyama vya akiba na mikopo, za wavuvi na vyama vya wanawake ambavyo tayari vina historia ya miaka ya kukopeshana bila kudhulumiana, ile historia iliyo kwenye vitabu vya muhtasari ambavyo huletwa kwangu kutolewa fotokopi. Humo kuna tarehe, majina, nani alichelewa na kwa nini: "amefiwa", "boti imevunjika", "kusi". Afisa yeyote wa mikopo angelipa kupata taarifa kama hizo za mteja.

Na tarehe za marejesho ziandikwe na wanaoijua bahari. BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia gati, inajua ni mwezi gani watu wake wana pesa. Hilo halihitaji sheria mpya wala safari ya mafunzo Naivasha. Kamati ya mfuko kwenye eneo bunge inaweza kuamua kuwa vikundi vya uvuvi vitapitishiwa mikopo yao mwisho wa robo ya kwanza ya mwaka, yaani Machi. Kikwazo ni hazina: mwaka wa fedha unaisha Juni 30, pesa zinachelewa kushuka, na zikishuka kila mtu anakimbilia kuzimaliza kabla ya vitabu kufungwa. Najua. Lakini hata zikichelewa, miezi ya kusubiri inaweza kuwa tisa kwa kikundi kimoja na mitatu kwa kingine, kwa kalamu tu. Vikundi vinavyokuja kwangu navishauri vipeleke fomu mwisho wa mwaka, na kwenye pendekezo naandika aya nzima kuhusu pepo. Afisa mmoja alinipigia kuniuliza kama ile aya ni ya mapambo.

Nimebakisha moja, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Tangu 2013 asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kina mama ninachokifahamu kilipata tenda ya kupika chakula cha semina ya ofisi moja ya umma. Karatasi ya LPO, yaani oda rasmi ya serikali ya kununua huduma, walikuja nayo kwangu imetiwa kwenye bahasha ya plastiki kama cheti cha ndoa. Mchele, nyama na mafuta walikopa madukani. Mwenye duka la jumla aliwapa kwa sababu ya ile karatasi. Walipika, watu wakala, wakasifu pilau. Malipo yakawa ya wiki ijayo. Ikapita Juni, mwaka wa fedha ukafungwa, deni likahamishiwa kwenye madeni yanayosubiri kuhakikiwa. Waliambiwa walete tena nakala za kila kitu, nikawatolea nakala bila malipo.

Katika miezi ile ile ofisi za mifuko zilikuwa zinazunguka mitaani kuhamasisha wanawake wakope, na mmoja wa maafisa alimwambia mweka hazina wao kuwa kuna mkopo maalumu wa kugharamia LPO. Akamjibu, "Mwanangu, LPO ninayo. Mkopo nimeshaupata, niko nao dukani kwa watu. Serikali ndiyo niliyoikopesha mimi, na sijaitoza riba." Mwenye duka la jumla aliwavumilia mpaka Ramadhani, kisha akataka chake, wakauza mikufu miwili. Kikundi hakijavunjika. Kimeacha tenda, sasa kinapika mahamri na viazi karai Langoni tangu saa kumi na moja alfajiri, na hawakopeshi mtu yeyote anayefanya kazi ofisini.